Magitaa Sita, Nyimbo Tatu

Siku tuliyohama nyumba ya kupanga kwenda kwenye kibanda chetu wenyewe huko Segerea, ndiyo siku niliyoyaona magitaa yangu yote kwa pamoja. Kabla ya hapo yalikuwa yanaishi kwa kujificha. Moja lilikaa nyuma ya mlango, moja juu ya kabati, mawili uvunguni, moja sebuleni kama pambo, na la sita lilikuwa ofisini kwangu nyuma ya makabati ya mafaili. Hilo la sita nililileta asubuhi hiyo kwa bodaboda, nikiamini kwamba katika vurugu za kuhama hakuna atakayekaa kuhesabu. Vijana wa mizigo wakayasimamisha nyuma ya Kirikuu, moja linaegemea jingine, kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni.

"Bosi, una bendi?" mmoja akaniuliza, tena kwa heshima kabisa.

Sina bendi. Mimi ni mhasibu. Napiga gitaa Jumamosi usiku na Jumapili baada ya ibada, na nyimbo ninazoweza kuzipiga mwanzo hadi mwisho bila kubabaisha ni tatu. Mmojawapo ni wa kwaya, kodi tatu tu, yaani mikao mitatu ya vidole kwenye nyuzi, hata mtoto angeupiga.

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo kichwani. Hakusema neno. Niliona midomo yake inachezacheza, kisha ikasimama. Ilisimama kwenye sita.

Ngoja nieleze yalivyofika sita, maana hakuna mtu anayekwenda dukani kununua magitaa sita. Unanunua moja. Halafu, baada ya muda, unanunua moja.

La kwanza lilikuwa la mwaka 2011, mshahara wangu wa kwanza, shilingi 110,000 pale Kariakoo. Gitaa kavu, halina hata jina kichwani. Wazee wa muziki wa dansi hulitaja gitaa la namna hiyo kwa jina la galatoni, na mimi nililitumia neno hilo miaka kadhaa bila kujua limetoka wapi. Kumbe ni Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Durban, Afrika Kusini, na kampuni ya Gallo. Jina likabaki mdomoni mwa watu kwa kila gitaa la mbao lisilotumia umeme, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. John Lennon wa Beatles naye alianza na galatoni. Tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa huko Liverpool, gitaa lililokuwa mikononi mwake lilikuwa Gallotone Champion kutoka Durban.

Mtu mwenye akili akisikia habari kama hiyo angelitazama gitaa lake lisilo na jina akatulia, akasema kama lilimtosha yule litanitosha na mimi. Nami niliposikia nilikesha kwenye simu nikitafuta nani anauza Gallotone ya zamani.

Lile la kwanza lilinishinda kwenye kodi ya F. Anayepiga gitaa anaijua F. Ni lazima kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita na kuzibana sawasawa, na kwa anayeanza ni kama kuambiwa ufunge geti la chuma kwa kidole kimoja. Nilijaribu miezi. Nikaamua tatizo ni gitaa. Mwaka 2014 nikanunua Yamaha, shilingi 350,000, na kweli F ikalia siku ileile. Nilifurahi sana. Nilichokuwa sijakipata ni kuhama kutoka F kwenda kodi nyingine kwa wakati, lakini hilo sikulitazama kwa sababu nilikuwa kwenye fungate.

Fungate ya gitaa jipya ni wiki tatu. Nimeipima mara sita. Wiki ya kwanza unapiga kila siku, na kila unachopiga kinasikika kipya, hata kama ni kilekile cha miaka mitatu. Wiki ya pili unalifuta vumbi mara nyingi kuliko unavyolipiga. Wiki ya tatu unagundua kwamba pale ulipokuwa umekwama ungali umekwama palepale, ila sasa umekwama na gitaa la gharama zaidi.

La tatu lilikuwa la umeme. Mgeni mmoja alikuwa anamaliza mkataba wake wa kazi hapa mjini, anauza kila kitu, na tangazo likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: gitaa umbo la Stratocaster na amplifaya ndogo, shilingi 600,000 vyote. Umbo hilo ni la Leo Fender, fundi wa redio wa California, lililotoka mwaka 1954 na hadi leo ndilo linalonakiliwa na kila kiwanda. Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Hii habari nilikuwa naisimulia kila nilipopata nafasi, na sasa ninajua kwa nini niliipenda. Ilikuwa inanipa ruhusa ya kuyajua magitaa bila kuyapiga.

Maana hapo ndipo nilipokuwa nimefika. Nilijua mambo. Nilijua kwamba urefu wa uzi unaolia kwenye gitaa la Fender ni milimita 648 na kwenye la Gibson, kampuni pinzani, ni 628 hivi, na kwamba sentimita mbili hizo hufanya nyuzi za Gibson zilegee kidogo chini ya vidole. Nilijua mti gani unatumika kwenye shingo na upi kwenye tumbo. Kazini wakati wa chai ningeweza kukueleza tofauti ya sauti ya sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, za mbele na za nyuma, mpaka chai ipoe. Ungeniambia, haya lete gitaa tusikie, ningekupigia zile nyimbo tatu.

La nne na la tano nitayapitia haraka kwa sababu hata mimi nilipita kwao haraka. La nne lilikuwa la nyuzi za nailoni, shilingi 280,000, kwa sababu ya video moja ya mtu wa Brazili anayepiga amekaa kibarazani. Nilinunua kibaraza, kwa kusema kweli. La tano lilikuwa la nyuzi kumi na mbili, 450,000, kwa ajili ya wimbo mmoja wa Pasaka ambao kwaya iliuimba mara moja na haikuurudia tena. Gitaa la nyuzi kumi na mbili usilichukulie mchezo. Nyuzi sita za kawaida zinavuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Hizi kumi na mbili zinavuka kilo 100, usiku na mchana, upige usipige. Mimi nililituni, nikaliweka juu ya kabati, nikalisahau kipindi chote cha joto. Niliposhusha, daraja lilikuwa limeanza kubanduka kwa nyuma. Ungeweza kupitisha ukucha.

Na hewa yetu ya pwani haisamehe. Gitaa linalopigwa kila siku unalifuta, unaliona, unajua linaumwa wapi. Gitaa la uvunguni linaota ukungu ndani ya begi lake na nyuzi zinapata kutu hata kabla ya kuguswa. Kila nilipoongeza gitaa nilikuwa naongeza seti moja ya nyuzi za kubadilisha, na kwa kuwa fedha za nyuzi zilikuwa zimeishia kwenye gitaa, nyuzi hazikubadilishwa. Kwa hiyo nilikuwa mtu mwenye magitaa matano yenye sauti ya mabati.

Sasa la sita. Hili ndilo lenye kesi.

Lile la umeme lilikuwa linanguruma. Ukiwasha amplifaya, kabla hata hujagusa uzi, inatoka sauti ya nyuki kwenye mzinga. Nikasoma. Nikajua kwamba sumaku za namna ile, zenye koili moja ya waya uliozungushwa, zinanasa mngurumo wa umeme, na kwamba mhandisi wa Gibson, Seth Lover, mwaka 1955 alitafuta dawa yake kwa kuweka koili mbili pamoja, moja ikiwa kinyume cha nyingine, ili mngurumo wa hii uue ule wa ile. Nikasema basi, hii si tamaa tena, hii ni sayansi. Ninahitaji gitaa la koili mbili. Unaona neno hilo, ninahitaji? Nikisikia mtu analitumia kuhusu gitaa siku hizi, naangalia pembeni.

Zamu yangu ya upatu ilifika mwezi huohuo. Tulikuwa tumeshakubaliana, mimi na Mama Neema, kwamba fedha ya upatu ni ya tangi la maji la lita 2,000 kwa ajili ya nyumba tuliyokuwa tunaimalizia, kwa sababu maeneo yale maji ya bomba yanakuja yanapotaka. Kijumbe akanirushia hela kwa simu. Siku ya pili nikaituma kwa mwenye gitaa: shilingi 780,000, umbo la Les Paul ya Gibson, koili mbili, rangi ya asali inayoungua kingoni. Nililipeleka moja kwa moja ofisini.

Nilidhani nimejificha vizuri. Lakini nyumbani kwetu simu yangu ndiyo anayotumia Neema kufanyia kazi za shule, na ujumbe wa muamala haujifichi. Jioni moja mtoto akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu tangu ajue kusoma: "Umetuma shilingi laki saba na themanini elfu..." Mama yake alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Baada ya muda mrefu sana akasema, "Baba Neema, tangi linauzwa na mtu binafsi siku hizi?"

Sitaeleza yaliyofuata. Nitasema tu kwamba hakupiga kelele, na kwamba tulihamia kwenye nyumba isiyo na tangi, na kwa miezi minne mke wangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kukinga maji kwenye madumu na ndoo, mimi nikisaidia kubeba, gitaa la rangi ya asali likiwa limelala chumbani kwa utulivu kama mgeni wa heshima.

Ni wakati huo nilipofanya jambo ambalo mhasibu alitakiwa kulifanya mapema. Nilichukua karatasi nikaandika. Magitaa yote sita, shilingi 2,570,000, bila mabegi, mikanda, kapo tatu na piki zisizo na idadi. Nikagawa kwa nyimbo. Kila wimbo ulikuwa umenigharimu shilingi 856,666. Kisha nikaweka pembeni ya kila gitaa jambo nililokuwa nikihangaika nalo mwezi ule nilionunua. La pili: F. La tatu: nimeshindwa kufuatisha solo. La nne: mkono wa kulia umekaza. La tano: kwaya walinipa nafasi nikaharibu, nikaona haya kurudi. La sita: mngurumo. Kila gitaa lilikuwa limenunuliwa wiki chache baada ya kukwama. Sikuwa napenda magitaa kiasi kile. Nilikuwa nakimbia, na duka lilikuwa njiani.

Wamarekani wameuita ugonjwa huu GAS, herufi tatu za Guitar Acquisition Syndrome, yaani maradhi ya kujikusanyia magitaa, na huwa wanataniana nao. Wanasema idadi sahihi ya magitaa ni yale uliyonayo ukiongeza moja. Ni utani mzuri kwa mtu mwenye maji ndani.

Huko Segerea jirani yetu ni mzee wa makamo ya baba yangu. Wiki ya pili alikuja kwenye ukuta, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza nani anapiga gitaa humu ndani.

"Ni mimi, mzee."

"Peke yako?" Akatikisa kichwa. "Nilidhani mko sita. Kila siku sauti tofauti, wimbo uleule."

Kumbe mzee alipiga rizimu, lile gitaa linaloshikilia mapigo ya wimbo, kwenye bendi za mashirika, miaka ya sabini na themanini. Nilimkaribisha, nikamtolea magitaa moja baada ya jingine kama anayeonyesha mbuzi wa mahari. Aliyatazama yote kwa adabu. Nikamuuliza, wakati ule yeye alikuwa na gitaa gani? Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, gitaa langu la kwanza kununua kwa hela yangu nilikuwa nimeshastaafu."

Nilipaswa kulijua hilo, maana nimekulia kwenye muziki huo. Vyombo havikuwa vya wanamuziki. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na kadiri chama kilivyobadili jina ndivyo bendi ilivyobadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi leo tunaiita Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, vijana wa chama tawala walikuwa na Vijana Jazz. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kabla ya kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa lilikuwa kama taipureta ya ofisi. Akihama bendi, na walikuwa wanahama kweli, alitoka na vidole vyake tu. Hata bendi za watu binafsi ilikuwa hivyo: Super Matimila, iliyompa jina Remmy Ongala, iliitwa hivyo kwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo.

Kwa hiyo zile solo nilizozisikia redioni nikiwa mtoto, zile zilizonifanya nitamani gitaa kuliko baiskeli, nyingi zilipigwa na watu wasiokuwa na gitaa nyumbani. Mzee alisema walifanya mazoezi mchana ukumbini kwa sababu vyombo vilikuwa ukumbini. Usiku walipiga dansi kuanzia saa tatu hadi saa nane. Asubuhi, mtu aliyepata wazo alilishika kichwani mpaka mchana ufike. Utotoni alikuwa amejifunzia gitaa la debe, nyuzi zake waya zilizochambuliwa kutoka kwenye breki za baiskeli.

Na ile miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, ambapo hata sabuni ilikuwa ya foleni, nyuzi zilikuwa hazipatikani. "Tulikuwa tunazichemsha," akasema. "Sufuriani, kama mihogo. Jasho na uchafu vinatoka, sauti inarudi siku mbili tatu. Uzi ukikatika, unapiga na tano. Kuna mwaka nilipiga na tano mpaka nikasahau wa sita unakaa wapi."

Sitaki mtu aondoke na picha kwamba ufukara ulikuwa mtamu. Mzee hakusema hivyo. Alisema wangepewa magitaa mawili kila mmoja wangeyachukua, na kwamba alilia siku alipoacha bendi na kuliacha lile gitaa alilolipiga miaka tisa. Alichonishangaza ni kwamba hakulisifia gitaa hilo hata kidogo. Nilimuuliza lilikuwa aina gani, akawaza. "Jekundu," akasema.

Kati ya yangu sita, alilolichukua ni lile la kwanza, lisilo na jina. Akaniambia nibonyeze uzi kwenye freti ya tatu, yaani kile chuma cha tatu kilicholala kwenye shingo, nitazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. "Hapo ipite karatasi tu." Kwangu ingepita sarafu ya shilingi mia. Kesho yake akarudi na tupa nyembamba aliyoipata kwa sonara na kialenkii. Akakata taratibu vijia vya nyuzi pale juu ya shingo, viboko vitatu, anapima, viboko viwili, anapima. Akazungusha robo mzunguko ule upau wa chuma uliofichwa ndani ya shingo, akaliacha lilale, akarudi jioni akaongeza kidogo. Tukaweka nyuzi mpya za shilingi 25,000.

F ikalia. Kwenye gitaa la shilingi 110,000 ambalo nililiacha mwaka 2014 kwa sababu haliwezi kupiga F.

Mngurumo nao tuliumaliza bila Seth Lover. Mzee alishika nyuzi za lile gitaa la umeme, mlio ukabadilika, akaachia, ukarudi, akaniuliza nyumba ina ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini? Nikamwita fundi umeme. Soketi ya chumbani ilikuwa na tundu la ethi ambalo halikuunganishwa na kitu chochote. Nondo ya shaba ikachimbiwa nje, waya ukavutwa, shilingi 65,000 pamoja na ufundi. Mlio wa koili moja haukuisha wote, ule ni wa asili yake, lakini nyuki walihama. Na fundi aliniambia kwa hasira ya mtu anayejua kwamba ningeweza kurushwa siku yoyote ile, mimi au mtoto, kwa kushika nyuzi huku mkono mwingine uko kwenye kitu kingine cha umeme. Miaka ile yote nilikuwa nasoma kuhusu koili, na hatari ilikuwa ukutani.

Kisha yakaanza mazoezi, na hapa ndipo aibu yangu yote ilipo. Mzee hakunifundisha wimbo. Alinipa kodi mbili na mchapo mmoja wa mkono wa kulia, akasema nishikilie rizimu. Yeye akachukua lile la rangi ya asali, akaanza solo polepole. Dakika ya pili nilikuwa nimeshamfuata, nimeacha njia yangu nimeingia yake. Akasimama. "Solo ina njia yake, sekondi ina yake, rizimu ina yake, besi ina yake. Wewe umekuja njiani kwangu kufanya nini?" Tukaanza upya. Dakika ya nne nilichoka kifundo cha mkono. Dakika ya sita nilichoka akili, ambayo ni mbaya zaidi, kwa sababu mkono uko sawa lakini kichwa kinataka kitu kipya. Nikatia kodi ya mapambo. Akasimama.

"Umechoshwa," akasema. Hakuwa ananilaumu, alikuwa ananieleza ugonjwa. "Hapo ndipo watu wanaanza kucheza. Ukichoshwa wewe, wao ndiyo wamekolea."

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Ule uchovu wa dakika ya sita ndio uleule uliokuwa unanitoa kitandani saa sita usiku kwenda kuangalia picha za magitaa. Nilikuwa sijawahi kuuvuka hata mara moja. Ilinichukua miezi miwili ya Jumapili kufika dakika ishirini kwenye mchapo mmoja, na mara ya kwanza nilipofika, kwenye dakika ya kumi na tano hivi kuna kitu kilifunguka. Mkono ulianza kwenda wenyewe, nikaanza kuisikia solo ya mzee kwa mara ya kwanza kama mtu aliyekaa mezani, siyo kama mtu anayegombania. Akaingia kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka. Sikumfuata. Neema alitoka jikoni akasimama mlangoni, na mguu wake ulikuwa unapiga sakafu bila yeye kujua.

Magitaa sasa yamepungua. La rangi ya asali niliuza kwa 600,000, hasara ya 180,000 ambayo niliiandika kabisa kwenye daftari kama ada ya shule. La nyuzi kumi na mbili lilikwenda kwa fundi mmoja anayejua kurudisha daraja. Alilichukua kwa bei ya kuni, na haki yake. Yamaha iko kanisani, vijana wa kwaya wanaipiga mpaka inatoa jasho, na kila nikiiona naona ina afya kuliko ilipokuwa kwangu. La nailoni amelichukua Neema kwa sababu haliumizi vidole, na ameshaniambia nisiliguse bila ruhusa. Nimebaki na la umeme na lile lisilo na jina. Nyimbo zimefika saba. Mzee anasema ni tano, mbili bado.

Sijapona. Ningesema nimepona ningekuwa muongo, na simu yangu inasomwa na watu wengi. Kuna Telecaster moja, gitaa jingine la Fender, rangi ya siagi, shingo ya mti mweupe, nimeihifadhi picha yake. Huwa naifungua nikiwa kwenye foleni ya Tabata. Najua sababu zote za kuihitaji. Nimeziandaa kama mwanasheria.

Tangi lilifika mwezi wa nane, lita 2,000, jeusi, juu ya mnara wa matofali pale nyuma ya jiko. Maji yakija usiku tunayasikia yanavyoingia. Wiki iliyopita Mama Neema alikaa karibu yangu kochini, akaikuta ile picha wazi kwenye simu. Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama juu mpaka chini kwa makini kama anayekagua kitenge.

"Nzuri," akasema. "Inaingia lita ngapi?"